Bega Lililoganda: Usiilaumu Feni

"Umepigwa na upepo." Mkono ukigoma kufika mgongoni, ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa, na feni ya chumbani itabeba lawama. Baridi huweza kukaza misuli siku mbili tatu. Haigandishi bega kwa miezi. Bega likiganda kweli, tatizo liko kwenye utando unaozunguka kiungo: huvimba kwa ndani, ukawa mnene, kisha ukasinyaa na kuubana mfupa. Ndiyo maana hata mwenzako akikuinulia mkono, haupandi.

"Ni uzee tu." Mbona huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume? Mama anashindwa kufunga sidiria au kusuka nywele, naye bado ana nguvu zake zote.

"Bega na sukari vinahusiana nini?" Vinahusiana sana, na hapa ndipo ningependa kila msomaji asimame kidogo. Kisukari ni miongoni mwa mambo yanayoongeza sana hatari ya bega kuganda. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, hushikamana na nyuzi za kolajeni, zile zinazojenga utando huo, zikawa ngumu. Mwenye kisukari huganda bega kwa urahisi zaidi, mara nyingine mabega yote mawili, na huchelewa kupona. Wapo waliogundua kuwa wana kisukari baada ya kwenda hospitali kwa ajili ya bega. Basi bega likikakamaa bila sababu, omba upimwe sukari. Maradhi ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, nayo huongeza hatari hiyo.

"Ufunge mkono upumzike." Ushauri huu huumiza watu wengi. Mkono uliokaa muda mrefu bila kusogezwa, baada ya kuvunjika, upasuaji wa titi au kiharusi, ndio hasa unaokaribisha ugumu.

Wengine hukimbilia kinyume chake: wanavutwa na kukandwa kwa nguvu hadi machozi. Wakati maumivu bado makali, hilo huzidisha uvimbe. Badala yake, inama, shika meza kwa mkono usiouma, uache ule mgonjwa uning'inie, uuzungushe taratibu kama pendulo ya saa ya ukutani.

Na eksirei ikitoka safi usidhani unajisingizia. Picha ile huonyesha mifupa, utando hauonekani. Wengi hupona, ila huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hubaki na ugumu kidogo.