Mjusi kafiri anatembeaje darini bila kuanguka?

Muulize mtu yeyote ni kitu gani kinachomshikilia mjusi kafiri darini, utapata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atasema miguu yake ina utomvu unaonata kama gundi. Wa pili atasema vidole vyake vinaunyonya ukuta, kama mikono ya pweza inavyonyonya jiwe. Majibu yote mawili yana mantiki, na wataalamu wakubwa wamewahi kuyatetea. Yote mawili si sahihi. Hakuna gundi na hakuna mnyonyo. Kinachomshikilia mjusi ni mguso mtupu, na ilichukua zaidi ya miaka mia moja ya kubishana mpaka wanabiolojia, wanakemia na wahandisi walipokaa meza moja ndipo jambo hili likaeleweka.

Tuanze na gundi, maana ndiyo imani iliyoenea zaidi. Gundi lazima itoke mahali, na chini ya vidole vya mjusi kafiri hakuna tezi za kuitoa. Tena kitu kinachonata huokota vumbi. Mjusi anayepita juu ya chokaa, utando wa buibui na masizi ya jikoni angekuwa na nyayo zilizojaa uchafu kabla usiku haujaisha, na asingeweza kushika tena. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walizichafua nyayo za mijusi kwa makusudi kwa chembe ndogo za unga mgumu, kisha wakawaacha watembee juu ya kioo safi. Baada ya hatua chache tu nyayo zilikuwa zimerudisha uwezo wa kuubeba mwili, bila kuoshwa wala kulambwa. Gundi haifanyi hivyo. Na kuna suala la mwendo: mjusi anayekimbia huunasua mguu kwa muda wa takriban sehemu 15 kati ya elfu moja za sekunde. Gundi yenye nguvu ya kumbeba kichwa chini ingemchelewesha kila hatua.

Imani hiyo lakini haikutoka hewani. Nzi anayetembea kwenye kioo cha dirisha kweli hutumia majimaji chini ya miguu yake, na vyura wa mitini nao vidole vyao ni vya majimaji. Kosa ni kudhani kwamba kila kitambaacho ukutani kinatumia mbinu moja.

Jibu la mnyonyo lina historia ndefu zaidi. Karne ya 19 waandishi wa elimu ya wanyama huko Ulaya waliwaandika mijusi hawa kuwa wana vikombe vya kunyonya. Ukiangalia vidole vyao kwa macho, utaona kwa nini: chini yake kuna vitambaa vya ngozi vilivyopangana kwa mistari, na ni rahisi kufikiri kwamba kila mstari unafungia hewa. Lakini mnyonyo haujitegemei. Pweza anaposhika jiwe, kinachombana pale ni shinikizo la maji yanayomzunguka. Kikombe cha plastiki kwenye kigae cha bafuni hubanwa na shinikizo la hewa ya nje. Ondoa hewa, kikombe kinaanguka. Jaribio hilo lilifanyika. Mwaka 1934 mtafiti wa Kijerumani aitwaye Dellit aliwaweka mijusi mahali palipoondolewa hewa, na wakaendelea kushika. Akajaribu pia dhana nyingine iliyokuwa ikivuma wakati ule, kwamba ni umeme tuli, ule unaofanya nywele zifuate kitana cha plastiki. Aliipiga hewa kwa eksirei ili ipitishe umeme na kuufukuza umeme tuli wowote uliokuwapo. Mijusi wakashika vilevile.

Wapo watakaosema ni kucha. Kucha husaidia kwenye gome la mti na ukuta wa tofali usiopigwa lipu, hilo kweli. Kwenye kioo hazina pa kuchomekea.

Basi kuna nini pale chini? Kila kitambaa cha ngozi kwenye kidole kimefunikwa na vinyweleo vya keratini, jamii ya dutu ngumu inayounda kucha. Waliochunguzwa zaidi ni mijusi wakubwa wa Asia ya Kusini-Mashariki waitwao tokay, ndugu wa mjusi kafiri wetu. Kwa tokay, milimita moja ya mraba hubeba vinyweleo takriban 14,000, na miguu yote minne ina kama milioni 6.5. Kila kinyweleo kina urefu wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na ncha yake imegawanyika matawi mamia kwa mamia. Kila tawi linaishia na kibapa chenye upana wa nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja kati ya milioni moja za milimita). Kipimo hicho ni kidogo kuliko wimbi la mwanga tunaouona kwa macho, ndiyo maana hadubini ya kawaida haikuweza kuonyesha vibapa hivyo kwa uwazi. Miaka ya 1960, hadubini ya elektroni ilipoelekezwa kwenye nyayo za mijusi, ndipo vilipoonekana vizuri.

Sasa tufike kwenye kani yenyewe. Mholanzi Johannes van der Waals, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910, alionyesha kwamba molekuli za gesi huvutana kidogo hata pale ambapo hakuna muungano wa kikemia kati yao. Chanzo chake ni elektroni kutotulia. Kwa kipande kidogo mno cha wakati, elektroni za molekuli moja zinaweza kuwa nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Molekuli jirani huitikia kwa kuzipanga za kwake kinyume, na mara hiyo zote mbili huvutana. Dakika hiyohiyo mpangilio umebadilika, lakini mvuto haukatiki, maana kila badiliko la upande mmoja hujibiwa na upande wa pili. Kila kitu kina kani hii: meza, kikombe, mkono wako. Tatizo lake ni umbali. Ukiongeza maradufu nafasi kati ya atomu mbili, nishati ya mvuto huo hupungua mara 64. Nanomita chache zikishapita, kani hii haina tena la maana.

Hapo ndipo swali zuri linapozaliwa. Kama kani hii iko kila mahali, mbona mkono wangu haugandi ukutani?

Jibu liko kwenye neno kugusa. Fikiria rundo la kokoto. Laza ubao juu yake: kwa macho ubao umelifunika rundo lote, lakini kwa kweli umegusa kokoto tatu au nne zilizochomoza, na kwingine kote ni mwanya. Hivyo ndivyo kiganja kinavyougusa ukuta. Hata kioo kinachong'aa, kwa kipimo cha nanomita, kina vilima na mabonde. Sasa uache ubao, chukua fagio la chelewa ulisimamishe juu ya kokoto zilezile na ulikandamize kidogo. Kila ujiti unakwenda na njia yake: mmoja umetua juu ya jiwe, mwingine umeteremka pembeni, wa tatu umepinda ukalalia jiwe la chini. Hakuna ujiti unaomzuia mwenzake. Lile rundo ambalo ubao ulilipata sehemu tatu, fagio limelipata sehemu mia. Halafu pasua ncha ya kila ujiti iwe nyuzi mamia, na mwisho wa kila uzi uwe bapa na laini kiasi cha kulala juu ya jiwe badala ya kulichoma. Umeupata mguu wa mjusi. Ugumu wa chelewa nao una kazi: nyuzi zingekuwa teketeke kama pamba zingeshikana zenyewe kwa zenyewe zikawa donge, na donge ni ubao mwingine.

Kwa hiyo mjusi hana kani ya pekee. Ana kani ileile uliyo nayo wewe, ila yeye amepata namna ya kuukaribia ukuta mamilioni ya mara kwa wakati mmoja.

Kuthibitisha hilo kulihitaji watu ambao kwa kawaida hawakutani. Mwaka 2000, timu ya mwanabiolojia Kellar Autumn na Robert Full, pamoja na wahandisi wa vyuo vikuu vya Berkeley na Stanford, Marekani, ilichomoa kinyweleo kimoja cha tokay na kukipima kwa kifaa kidogo mno kilichotengenezwa kwa teknolojia ya silikoni. Mwanzoni kinyweleo hakikushika. Kilianza kushika walipoiga jinsi mjusi anavyokanyaga: kukisukuma kidogo ukutani, kisha kukivuta kwa ulalo umbali wa maikromita 5 hivi, yaani sehemu 5 kati ya elfu moja za milimita. Kikatoa kani ya takriban sehemu 200 kati ya milioni moja za niutoni (kipimo cha kani), inayotosha kubeba miligramu 20. Inaonekana haba, lakini zidisha kwa vinyweleo vyote: kwa hesabu, kama vyote vingeshika kwa pamoja, mnyama wa gramu 50 angebeba kama kilo 130. Vyote havishiki kamwe kwa pamoja, na ziada hiyo ndiyo inayomwokoa anaporuka na kutua kwa kidole kimoja.

Miaka miwili baadaye likaja jaribio ninalolipenda kuliko yote. Ilikuwa imebaki dhana kwamba tabaka jembamba la maji ndilo linaloshika. Kama kani inatokana na unyevu, mguu ungeshika vizuri zaidi kwenye uso unaopenda maji kuliko kwenye uso unaoyakataa. Wakajaribu nyuso za aina zote mbili. Mguu ukashika sawasawa. Kisha wakatengeneza ncha bandia kwa dutu mbili tofauti kabisa, nazo zikashika. Umbo na ukubwa vilihesabika zaidi kuliko dutu yenyewe.

Na kunasua je? Kinyweleo kikishainuka hadi pembe ya nyuzi 30 hivi na ukuta, kinaachia chenyewe. Mjusi hunyanyua ncha za vidole kwanza, akivikunja kwa juu, na safu za vinyweleo huachia moja baada ya nyingine. Akiwa darini hufanya kinyume: huvuta miguu kuelekea katikati ya mwili ili pembe ibaki ndogo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walionyesha kwamba hata mguu wa mjusi aliyekufa dakika chache zilizopita hushika kwa nguvu ileile. Kushika hakuhitaji juhudi. Kazi ya misuli na ubongo ni kujua lini pa kushika na lini pa kuachia.

Nisikupe picha kwamba kila kitu kimekwisha. Unyevu wa hewa huongeza mshiko, na hoja inaendelea kama ni tabaka jembamba la maji linalovuta au ni keratini inayolainika. Mwaka 2012 watafiti wa Akron, Ohio, walikuta mijusi huacha alama za mafuta mepesi pale walipokanyaga, jambo ambalo halikutarajiwa kwenye mguu uliosemwa kuwa mkavu kabisa. Mwaka 2014 kundi la Waterloo, Kanada, likaurudisha umeme tuli mezani, likionyesha kwamba mguso wenyewe huzalisha chaji. Na kwenye tefloni, ile iliyopakwa kwenye vikaangio, mjusi huteleza ikiwa kavu, lakini ikiwa ndani ya maji hushika vizuri zaidi. Kani za van der Waals bado ndizo nguzo ya maelezo. Ila nguzo si nyumba nzima.

Tanzania ina mwakilishi wake katika habari hii. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, anaishi mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, anayekaa kwenye majani ya mikadi. Jamii yake ina vinyweleo vya kushika hata chini ya ncha ya mkia, ambayo hutumika kama mguu wa tano. Dume lake lina rangi ya kupendeza mno, na hilo limemponza: maelfu walikamatwa na kusafirishwa ng'ambo kufugwa kwenye vioo, mpaka mwaka 2017 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ulipopiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Anastahili ulinzi huo kikamilifu, na msitu wake pia.

Wahandisi hawakusubiri mijadala iishe. Mwaka 2003 timu ya mwanafizikia Andre Geim, Manchester, ilitengeneza utepe wa plastiki wenye vinyweleo bandia, na kipande cha nusu sentimita ya mraba kikaning'iniza mwanasesere wa gramu 40 kwenye kioo. Baada ya kutumika mara chache vinyweleo vilishikana, tatizo ambalo mjusi alishalitatua. Siku hizi mbinu hii inajaribiwa pia angani: mikono ya roboti iliyobuniwa Stanford kwa kumwiga mjusi imefanyiwa majaribio ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa sababu ileile aliyoiona Dellit. Nje ya kituo hicho, pasipo hewa, kikombe cha kunyonya hakina kazi, na mguso bado unashika.

Mtu je, anaweza kupanda ukuta? Mwaka 2016 watafiti waliolinganisha spishi 225, kuanzia utitiri hadi mijusi, walionyesha kwamba kadiri mnyama anavyokuwa mzito ndivyo sehemu ya mwili inayohitajika kushika inavyokua kwa kasi kupita kiasi. Mtu angehitaji kama asilimia 40 ya ngozi yake yote iwe ya kushikia. Kwa hesabu hiyo mjusi mkubwa yuko karibu kabisa na mpaka wa ukubwa unaoruhusu kupanda ukuta kwa mbinu hii. Lakini miaka miwili kabla ya hesabu hiyo kutolewa, mtu wa kilo 70 alikuwa ameshapanda ukuta wa kioo huko Stanford kwa vibao viwili vya ukubwa wa kiganja. Vinyweleo bandia vya vibao hivyo havikuwa bora kuliko vya mjusi. Siri ilikuwa kwenye springi zilizofungwa nyuma ya vigae vidogo 24 katika kila kibao, zikiugawa uzito sawasawa ili pasiwe na kigae kinachozidiwa na kuanza kubanduka peke yake.