“Vali inavuja”: Dhana potofu na ukweli kuhusu vali ya mkojo ya suti kavu

Msimu wa kuzamia ukianza tu, suti zinaanza kurudi karakanani na maneno ni yaleyale: “Fundi, vali ya mkojo inavuja, nifungie nyingine.” Suti kavu ni nguo ya mzamiaji isiyoingiza maji; vali ya mkojo ni kifaa kinachofungwa pajani pake, kinachotoa baharini mkojo unaofika kwa mpira, yaani bomba laini, kutoka kwenye kondomu ya katheta, mfuko unaobandikwa uumeni. Natengeneza suti hizi hapa Scotland, na wateja wangu wengi huzamia Scapa Flow, visiwani Orkney, kwenye manowari za Kijerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe mwaka 1919. Zile kubwa zimelala kwenye kina kinachofika mita 45. Ukishuka huko huwezi kurudi juu kwa mkupuo mmoja. Unapanda kwa vituo, ukisimama kila kimoja ili gesi iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu, kwenye maji ya baridi, na haja ndogo haikungoji umalize. Siku hizi hata vijana wetu waliojifunzia mbizi Pemba na Watamu, ambako suti ya neoprini nyepesi inatosha, wakija kufanya kazi huku wananiletea lalamiko hilohilo. Basi nilieleze mara moja kwa wote.

Si vali. Mara nyingi sana si vali. Ndani yake kuna diski ndogo ya mpira inayouachia mkojo utoke na kuizuia bahari isiingie, kuna oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba maji, na kuna nati inayoibana suti katikati. Vitu vyenyewe ni vichache na haviharibiki ovyo. Kabla sijashika spana naomba nione nguo ya joto iliyovaliwa ndani ya suti. Doa likiwa kwenye kinena na limepanda kuelekea kitovuni, huo mkojo umemwagika kwenye kondomu ya katheta na haukuwahi kuifikia vali. Unyevu ukiwa umezunguka paja, palepale nyuma ya vali, na ukikauka unaacha chumvi nyeupe, hayo ni maji ya bahari, na hapo nakubali kwamba oringi au diski ina kasoro. Kisha naizamisha vali kwenye beseni na kuvuta kwa bomba la sindano kutoka upande wa ndani. Diski nzima haipitishi hata tone. Ikipitisha, aghalabu nakuta chembe ya mchanga imekaa chini yake. Naitoa, naisuuza, kazi imekwisha.

Kwa hiyo tatizo liko pale kondomu inapokutana na mwili, na hapo ndipo watu hawataki kusikia. Kondomu hizi huuzwa kwa kipenyo cha milimita, kuanzia 25 hivi hadi 40 na kitu. Watengenezaji wengi hutoa karatasi ya kupimia bila malipo. Watu wanaitupa karatasi, wanaagiza saizi wanayotamani iwe yao, halafu wanarudi kulaumu kifaa. Kondomu kubwa kuliko mwili hujikunja, na kila mkunjo ni mfereji wa mkojo. Pima mwili ukiwa umelegea, na ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Heshima ya mtu haimo humu. Ni kipimo tu, kama cha kiatu.

Baada ya saizi inakuja gundi. Gundi haishiki kwenye mafuta, na nywele zinaiachisha. Punguza nywele siku moja kabla. Siku ya kuzamia oga kwa sabuni, jikaushe vizuri, usipake losheni wala poda. Govi liache lilivyo. Ikunjue kondomu taratibu, acha nafasi ya sentimita moja au mbili mbele, kisha ishike kiganjani kama dakika moja ili joto la mkono liishikishe gundi. Fanya hayo mapema, chumbani, na si kwenye boti inayoyumba huku nahodha anawahimiza wote waingie majini. Mwenye mzio wa lateksi anunue ya silikoni. Ukishaitumia, tupa, haina safari ya pili.

Halafu mpira wenyewe, lile bomba la kutoka kwenye kondomu hadi kwenye vali. Naletewa mipira yenye alama nyeupe ya mkunjo, ambayo inaonyesha kwamba ilikuwa imejifunga kabisa ndani ya suti. Mkojo ukikosa njia mbele unarudi nyuma, gundi inaachia, na mtu anapanda juu akiapa kwamba vali imemwaibisha. Mpira ukiwa mrefu mno unajizungusha. Ukiwa mfupi unavuta kondomu kila unapoinama. Mimi nakata urefu mteja akiwa amevaa kila kitu: anasimama, anakaa, anapiga magoti, anainua goti kama anayepanda ngazi ya boti. Nguo ya joto naitoboa tundu na kulishona kingo, mpira upite moja kwa moja badala ya kuzunguka kiunoni. Juu ya kondomu vaa chupi ya kubana, iushike mpira ukielekea chini. Na usiku kabla ya safari ingia bafuni, unganisha kila kitu, ukojoe ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Anza polepole, maana mpira ni mwembamba, na ukisukuma kwa nguvu presha inarudi kwako. Anayekataa zoezi hili la bafuni ndiye atakayelifanya chini ya maji, akiwa na saa nzima ya vituo mbele yake.

“Basi nisinywe maji”

Hii ndiyo dhana ya pili inayonikasirisha, kwa sababu inaweza kumdhuru mtu. Ukiingia majini, mgandamizo wa maji pamoja na baridi huisukuma damu kutoka mikononi na miguuni kuja kifuani. Moyo unaona damu imezidi, homoni zinabadilika, figo zinatoa maji. Utakojoa hata kama umeshinda na kiu. Kujikausha hakukuondolei haja; kunakuachia damu nzito na mwili uliochoka, na madaktari wa mbizi wanahesabu upungufu wa maji miongoni mwa mambo yanayoweza kuongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo, ule wa mapovu ya gesi mwilini mzamiaji anapopanda. Kunywa maji kama kawaida. Vali iko kwa ajili hiyo.

“Vali inayosawazisha presha haina masharti”

Ni bora, na ndiyo ninayowashauri wengi wanunue. Ina kitundu kinachoingiza hewa ya suti kwenye mpira, hivyo unaposhuka mpira haunyonyi. Ile isiyosawazisha haina njia hiyo. Hewa uliyoshuka nayo ndani ya mpira kutoka juu ya maji, ukifika mita 10 inabaki nusu ya ujazo wake, na kinachovutwa kujaza pengo ni mwili wako. Maumivu yake hayasahauliki. Ukiwa nayo, kojoa kidogo mwanzoni kabisa, mpira ujae, ndipo ushuke. Lakini hata ile inayosawazisha inategemea hewa ya suti: ukishuka bila kuongeza hewa kwenye suti, hakuna cha kusawazisha. Na ukimaliza haja, funga. Najua wapo wanaoiacha wazi mbizi nzima. Mimi sikubaliani nao. Diski ikipata mchanga, mfuniko uliofungwa ndio kinga iliyobaki.

“Ifunge popote pajani”

Hapana. Isiwe chini ya mfuko wa paja, isiwe juu ya mshono, isiwe mahali ambapo mapaja yanasuguana ukipiga mapezi. Wateja wangu wengi hushika taa mkono wa kushoto, kwa hiyo nafunga paja la kulia, upande wa mbele, pale kiganja chenye glavu nene kinapofika bila macho kusaidia. Tia alama ukiwa umevaa nguo ya joto yote, siyo suti ikiwa mezani. Tundu likishatobolewa halihamishiki.

“Ni ya wanaume”

Vali ni ileile. Kwa wanawake kuna She-P, kikombe laini cha silikoni kinachobandikwa kwa gundi ya kitabibu. Kinataka kunyoa na kinataka mazoezi mengi zaidi nyumbani, na dada wanaovumilia mazoezi hayo wanazamia saa nyingi bila nepi. Nepi si mbaya kwa mbizi fupi. Kwa mbizi ndefu inajaa, na ikijaa inakutia baridi.

“Nasuuza kwa maji, yanatosha”

Hayatoshi. Mwaka 2009 daktari Richard Harris wa Australia, yule aliyekuja kushiriki kuwaokoa watoto katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, aliandika kuhusu wazamiaji wa vali hizi waliopata maambukizi makali ya njia ya mkojo. Alionya kwamba bakteria wa Pseudomonas wanaweza kujijengea makao ndani ya vali isiyosafishwa vizuri. Baada ya kila siku ya kuzamia, pitisha dawa ya kuua vijidudu ambayo mtengenezaji ameruhusu, iache kwa muda ulioandikwa, suuza kwa maji safi, kisha ning’iniza suti vali ikiwa wazi hadi mpira ukauke ndani. Mpira uliobadilika rangi ubadilishe. Na ukipata homa au maumivu unapokojoa siku chache baada ya kuzamia, mwambie daktari waziwazi kwamba unatumia vali hii, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuiona.