Mti Unaotangaza Bei ya Mtaa

Katika kazi yangu ya kubuni bustani hapa Dar es Salaam, nimezoea kuusoma mtaa kwa miti yake kabla sijamsikiliza dalali. Palipo na mwarobaini mkubwa, aghalabu chini yake pana benchi, mama lishe na wacheza bao, kwa kuwa mti huo hutandaza kivuli na watu hukifuata. Mwashoki, ule mti mrefu mwembamba unaopangwa kandokando ya kuta za nyumba mpya, hauna kivuli cha mtu kukaa; kazi yake ni kuziba macho ya jirani bila kula nafasi. Kwa hiyo mteja anaponiagiza ning'oe mwarobaini nipande miashoki, ananieleza pia ni nani hatarajiwi kukaa pale tena.

Hata hivyo, tusiusingizie mti peke yake kwamba ndio unaopandisha bei ya mtaa. Tuchukue High Line ya New York, ambayo leo ni bustani ya umma lakini zamani ilikuwa reli ya mizigo iliyojengwa juu ya nguzo upande wa magharibi wa Manhattan na kuanza kazi mwaka 1934. Treni ya mwisho ilipita 1980, na baada ya hapo mbegu zikajiotea katikati ya kokoto, huku wenye viwanja vya chini wakitaka yote yabomolewe. Sehemu ya kwanza ya bustani ilipofunguliwa 2009, mimea yake ilikuwa imechaguliwa na Piet Oudolf, mbunifu wa bustani wa Uholanzi, aliyependelea nyasi na maua yanayofanana na yale yaliyojiotea. Sisi wa fani hii hatuwezi kujizuia kutabasamu: magugu ya awali yaliondolewa pamoja na kokoto, kisha yanayofanana nayo yakanunuliwa na kupandwa kwa ramani.

Lakini mwaka 2005, miaka minne kabla ya mgeni wa kwanza kupanda ngazi zile, jiji lilikwisha kubadilisha masharti ya ujenzi ya West Chelsea, mtaa unaopitiwa na reli hiyo, likaruhusu makazi marefu katika eneo la maghala na gereji, na wenye viwanja vilivyo chini ya reli wakapewa nafasi ya kuuza haki zao za kujenga kwa wenye viwanja vingine. Bei ilifunguliwa na sheria. Nyasi zikawa tangazo lake. Robert Hammond, mmoja wa waasisi wawili wa mradi, alikiri mwaka 2017 kwamba hawakufanikiwa kuwahudumia majirani, wakiwamo wapangaji wa nyumba za umma zilizo karibu, na kwamba badala ya kuwauliza bustani iweje, wangepaswa kuwauliza wawafanyie nini.

Nami siku hizi, kabla ya kuchora, humuuliza mteja ni akina nani wanaokaa chini ya mti wake. Mmoja alikubali mwarobaini ubaki, kwa sharti kwamba ukuta upite kwa nje yake.