Saruji si dawa ya kila ukuta wa mawe

Wengi wetu Unguja na Pemba tumekua tukiamini kuwa ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ukianza kubanduka, dawa yake ni lipu ya saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu zaidi. Imani hiyo ina msingi: kwenye nyumba ya matofali ya saruji, lipu hiyo hukaa vizuri.

Nyumba za Mji Mkongwe ni jambo jengine. Jiwe la matumbawe lina vitundu; hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, pamoja na chumvi. Chokaa huyaachia maji yatoke kama mvuke. Saruji huyaziba. Unyevu hubaki ndani na kupanda juu, na chumvi ikiganda nyuma ya lipu huisukuma mpaka ikaachana na ukuta. Ndiyo maana huanguka mapande mazima, na mara nyingi jiwe la nyuma limeshaanza kuwa unga.

Hakiki mwenyewe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: penye mlio wa mtungi mtupu, lipu imeachana. Pitisha kiganja chini ya ukuta. Unga mweupe wa chumvi ni dalili ya unyevu.

Wakati nao una neno. Subiri masika yapite, ukuta ukauke, kazi ya kupiga lipu ya chokaa ifanyike kipupwe. Chokaa hukomaa polepole, kwa hiyo ifunike kwa magunia yaliyoroweshwa isipigwe jua kali. Na kabla ya yote tazama paa na mifereji: nyumba inayovuja haiponi kwa lipu yoyote, na hapo ndipo ningeweka shilingi ya kwanza.