Nyama nyekundu na saratani: maana ya Kundi la 1 na Kundi la 2A

Oktoba 2015 vyombo vingi vya habari viliiweka soseji kapu moja na sigara. Chanzo kilikuwa tangazo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC kwa kifupi, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, na lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walipitia tafiti zaidi ya 800, kisha wakaamua mambo mawili. Nyama iliyosindikwa ikaingia Kundi la 1, yaani husababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu ikaingia Kundi la 2A, yaani yaelekea husababisha.

Katika Kundi la 1 mna tumbaku, pombe, asbesto, hata mionzi ya jua. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Makundi haya hayapimi ukubwa wa madhara, yanapima uzito wa ushahidi: wanasayansi wana uhakika kiasi gani kwamba kitu fulani kinaweza kuleta saratani. Kwamba kinadhuru ni jambo moja, kinadhuru watu wangapi ni jingine. Kwa makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani lenyewe liliyataja wakati ule, vifo vya saratani vinavyotokana na tumbaku ni kama milioni 1 kwa mwaka, vya pombe 600,000, na vya ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa 34,000. Kundi ni lilelile.

Nyama nyekundu hapa ni nyama ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi, na hata nguruwe, ingawa yake ikiiva huonekana nyeupe. Kuku na samaki hawamo. Iliyosindikwa ni ile iliyotiwa chumvi, kuchachushwa, kukaushwa kwa moshi au kuwekewa dawa ili idumu au ipate ladha: soseji, bekoni, salami, nyama ya kopo.

Halafu kuna ile asilimia 18 inayozungushwa kila mara, mara nyingi bila maelezo. Kwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa mtu anazokula kila siku, uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana na puru hupanda kwa asilimia 18. Hupanda kutoka wapi? Hilo ndilo swali la kuuliza. Tuchukulie kwamba katika watu 100, watano wangeugua ugonjwa huu maishani mwao kwa vyovyote vile. Wote 100 wakila kiasi hicho kila siku, wagonjwa watakuwa karibu sita. Asilimia 18 ni ya wale watano, si ya wale 100. Kwa mtu mmoja ongezeko hilo ni dogo. Kwa taifa la mamilioni ya watu, ni wodi nzima za wagonjwa, na ndiyo sababu wizara za afya hulichukulia kwa uzito kuliko mlaji mmoja mmoja.

Kwa nyama nyekundu isiyosindikwa, kadirio lilikuwa asilimia 17 kwa kila gramu 100 kwa siku, ikiwa kweli nyama ndiyo inayosababisha. Hiyo "ikiwa" ndiyo iliyoibakiza kwenye 2A. Wanaokula nyama nyingi mara nyingi huvuta sigara zaidi, hunywa zaidi, hufanya mazoezi kidogo na hula mboga kidogo, na kuvitenganisha vitu hivyo ni kazi ngumu. Utafiti wa kuwafuatilia watu kwa miaka mingi huonyesha mambo yanayotembea pamoja, lakini si rahisi uonyeshe lipi linalivuta jingine.

Hata hivyo, kuishuku nyama nyekundu si bure, kwa sababu njia za madhara zinajulikana. Nyama nyekundu hupata rangi yake kutokana na hemu, chembe yenye madini ya chuma. Tumboni, hemu huchochea kutengenezwa kwa kemikali ziitwazo nitroso, ambazo zinaweza kuharibu vinasaba vya seli zinazotanda ndani ya utumbo. Nitraiti, dawa ya kuhifadhi inayotiwa kwenye nyama ya kusindika, huongeza kemikali hizohizo. Moto mkali na moshi wa mafuta yanayodondokea makaa huzalisha kemikali nyingine zenye madhara kama hayo.

Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani hushauri anayekula nyama nyekundu asizidishe gramu 350 hadi 500 kwa wiki, zikipimwa zikiwa zimeiva, na ile iliyosindikwa aile kidogo sana, au aiache. Haushauri kuikata kabisa nyama nyekundu: ina protini, chuma, zinki na vitamini B12. Kuhusu namna ya kupika, wataalamu wa 2015 walisema hakukuwa na data za kutosha kuamua kama kuchemsha kunapunguza hatari kuliko kuchoma. Na anayefikiri ataukwepa moshi kwa kuila mbichi atakutana na bakteria na minyoo kabla saratani haijamfikia.