Transmita ikijishusha pawa yenyewe usikimbilie kuweka jampa

Simu tunayopigiwa sana kwenye kitengo chetu cha ufundi ni hii: "Transmita (mtambo wa kurushia matangazo ya redio) tumeiseti wati 1000, leo inatoa 450 tu, na taa ya njano inawaka, je tukiikata hiyo protekshen pawa itarudi?" Ukiiruka hiyo sakiti ya kulinda kwa jampa, yaani waya mfupi, pawa itarudi kweli, kwa muda mfupi, halafu transista za mwisho zitaungua na mtakuwa nje ya hewa kabisa. Kwa hiyo leo nataka nieleze sakiti za kushika na kulinda pawa zinafanya nini humo ndani, kwa sababu fundi akishaelewa hawezi tena kuziona kama adui yake.

Tuanze na inayoshika pawa isiyumbe, wengi wanaiita ALC. Mwisho wa njia, baada ya filta na kabla ya soketi ya antena, kuna kifaa kinaitwa kapla. Kazi yake ni kuonja, anachukua sehemu ndogo sana ya mawimbi yanayopita, tuseme moja ya elfu kumi, yaani kwenye wati 1000 anachota wati 0.1 tu, halafu dayodi inageuza hicho kidogo kuwa volti ya DC. Volti hiyo inalinganishwa na ile uliyoiseti wewe, ikizidi sakiti inapunguza, ikipungua inaongeza, inaweza kufanya hivyo kwa kubana sigino, yaani mawimbi madogo yanayoingia kwenye amplifaya, au kwa kugusa bayasi ya geti (volti ndogo inayoiamsha transista) au hata kushusha volti ya pawa saplai, inategemea aliyeitengeneza. Ndo maana joto likipanda na geini (uwezo wa kukuza mawimbi) ikashuka kidogo, wewe kwenye mita unaona namba ileile.

Sasa kapla mzuri ana masikio mawili. Moja linasikia nguvu inayokwenda kwenye antena, la pili linasikia inayorudi. Antena na kebo zikiwa sawa, omu 50 kwa omu 50, kinachorudi ni kidogo mno. Kipimo cha kupatana huko kinaitwa SWR, na 1 ndo safi kabisa. SWR ikiwa 1.5 inarudi asilimia 4, ikifika 2 ni asilimia 11, ikifika 3 ni robo nzima ya nguvu uliyotuma, na kebo ikikatika au ikipiga shoti inarudi karibu yote.

Hapa watu wengi wanadhani transista inakufa kwa sababu ya joto tu. Joto lipo, lakini si hilo peke yake. Transista inayolishwa volti 50, kwenye dreni yake (mguu wa kutolea nguvu) mawimbi yanapanda mpaka 100 na zaidi hata kazi ikiwa ya kawaida, sasa wimbi linalorudi likikutana na linalotoka yakiwa pamoja, volti inaruka juu kuliko uwezo wa transista na inatoboka kabla hata hitisinki (chuma cha kuipoza) haijapata moto. Yakikutana kwa namna nyingine volti haipandi, badala yake amps ndo zinapanda na inaungua taratibu. Ipi itatokea inategemea urefu wa kebo, kwa hiyo usije ukasema "mbona mwenzangu alirusha na SWR ya 3 na haikufa".

Sakiti ya kulinda inachofanya ni kuweka mpaka wa nguvu inayorudi. Tuseme mpaka ni wati 50. SWR ikiwa 1.5 zinarudi 40, hamna shida, unarusha 1000 yako. SWR ikifika 2, ili zinazorudi zisizidi 50 inabidi ushuke mpaka 450, na ikifika 3 unashushwa mpaka 200. Umeona hiyo 450? Ndo ileile ya kwenye simu! Transmita haijaharibika, inakusomea hali ya antena. Kuna kituo kimoja tuliwahi kwenda, fundi alikuwa ameshaunganisha waya mfupi kuiziba sakiti, transista mbili zimepasuka kifuniko, na kosa lenyewe lilikuwa konekta ya juu kwenye mnara, tulipoifungua maji yalimwagika na pini ya katikati ilikuwa ya kijani kwa kutu ya shaba. Kuikausha, kuibadili na kuifunga tepu upya ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Kushusha taratibu hakutoshi kwa ajali za ghafla kama radi au kebo kukatika, kwa hiyo kuna tabaka la pili lenye haraka zaidi ambalo linakata kabisa, linasubiri kidogo, linajaribu tena, na baada ya majaribio kadhaa linajifunga mpaka aje mtu. Joto, amps nyingi na sigino iliyozidi kwenye ingizo zina ulinzi wake pia, wazo ni lilelile, senza na mpaka.

Kitu kinachochanganya hata mafundi wazoefu ni amplifaya mbili zilizounganishwa. Moja ikifa pawa haibaki nusu, inabaki robo, kwa sababu nusu ya ile nzima inayofanya kazi inaishia kwenye rezista ya kusawazisha. ALC iliyosanifiwa vibaya itataka kufidia na itaisukuma ile iliyobaki mpaka nayo ife, kwa hiyo nzuri inakuwa na kikomo cha amps kwa kila moja.

Na kama mnara wenu una transmita nyingine jirani, antena yenu inapokea mawimbi yao na kapla anayahesabu kama nguvu inayorudi. Kabla hujapanda juu, shusha pawa ya kwako mpaka irushe sifuri, angalia mita ya nguvu inayorudi. Ikisoma kitu wakati wewe hurushi, hicho kinatoka kwa jirani, na dawa yake ni filta, konekta yako iache.