Sio ukabila: mnayokosea kuhusu wenyeji asilia wa Amerika Kusini

Nafundisha siasa za Amerika Kusini na kila darasa jipya likiingia najua kabisa sentensi gani inakuja kuhusu aliyekuwa rais wa Bolivia, "mwalimu, huyo Evo Morales si alishinda kwa sababu kabila lake ndio wengi?" Nimeisikia mno, na siku hizi naisikia hadi kwa watu wazima wanaofuatilia habari za dunia vizuri tu, kwahiyo leo naijibu yote kwa maandishi.

"Wanapigia kura damu yao, ni ukabila tu"

Hapana jamani. Tuanze na namba maana ndo zinazotumika vibaya zaidi. Sensa ya Bolivia ya 2001 ilikuta asilimia 62 hivi ya watu wa miaka 15 kwenda juu wanajitambulisha kama wenyeji asilia, Waquechua kama 31, Waaymara kama 25, wanaobaki ni jamii ndogo ndogo za tambarare za mashariki. Ukiangalia hapo tayari unaona hakuna kabila moja lenye nusu ya nchi. Alafu sensa ya 2012 ikakuta asilimia 41. Hakukuwa na vita wala maradhi yaliyoondoa watu kiasi hicho, tena Evo yuko ikulu muda huo na kuwa Muaymara ilikuwa heshima kuliko wakati wowote. Swali la sensa lilibadilishwa kidogo, watu wengi wamehamia mijini, na jibu anatoa mtu mwenyewe, anaweza kusema ndiyo leo na baada ya miaka kumi akasema hapana. Sasa niambie utapigaje hesabu ya kura kwa kitu kinachosogea hivyo.

Kingine. Ingekuwa ni damu, Waaymara walikuwa na mtu wao, Felipe Quispe, wakimwita Mallku, yaani kiongozi, ambaye siasa yake ilikuwa ya Uaymara waziwazi bila kuficha. Mwaka 2002 alipata kura kama asilimia 6, na 2005 akashuka mpaka 2 hivi. Mwaka huohuo 2005 Evo akachukua karibu 54 raundi ya kwanza, na mgombea mwenza wake Álvaro García Linera si mwenyeji asilia kabisa.

Evo alitokea wapi? Huyu ni Muaymara wa Orinoca, Oruro, lakini siasa yake imezaliwa eneo la Chapare, kwenye vyama vya wakulima wa koka (mmea wa kokeini) ambao wengi wao wanaongea Kiquechua. Wengi waliteremka kutoka milimani kutafuta mashamba, na wakaongezeka baada ya 1985 bei ya bati ilipoanguka na serikali ikaachisha kazi zaidi ya wachimbaji 20,000 wa migodi ya umma, watu ambao mgomo na kufunga barabara walishajifunzia mgodini. Hapo ndo MAS, chama cha Evo, kilipotokea, kwenye vyama vya wafanyakazi na wakulima, kisha yakaja maandamano yaliyoitwa vita ya maji mjini Cochabamba 2000, ikaja ya gesi 2003 pale mji wa El Alto, watu wakauawa mpaka rais Sánchez de Lozada akakimbia nchi, na madai yalikuwa gesi ya nchi inauzwa kwa bei gani na nani anafaidi. Ukiyaruka haya yote ukasema "kabila", hujaeleza chochote.

Na ukitaka kuona hiyo nadharia inavyovunjika kabisa nenda TIPNIS, 2011. Ni hifadhi na ni ardhi ya Wamojeño, Wayuracaré na Watsimané, zaidi ya hekta milioni moja, serikali ya Evo ikataka kupitisha barabara katikati yake. Jamii hizo zikatembea kwa miguu kutoka mji wa Trinidad wa hukohuko Bolivia mpaka La Paz, Septemba 25 polisi wakawavamia pale Chaparina, waziri wa ulinzi Cecilia Chacón akajiuzulu kupinga kitendo hicho. Waliotaka barabara kwa nguvu ni kina nani? Wakulima wa koka, wenyeji asilia pia, wanaotafuta ardhi mpya kwenye hifadhi hiyohiyo. Oktoba Evo akasaini sheria ya kuilinda TIPNIS, na 2017 serikali yake yenyewe ikaifuta. Wenyeji asilia pande zote mbili, na rais mwenyeji asilia juu yao. Ndo maana nawaambia wanafunzi wangu kila siku, kabla hujauliza huyu kabila gani uliza hati ya ardhi anayo nani na chini ya ardhi hiyo kuna nini. Ukianza na swali hilo utaelewa nusu ya siasa za Andes.

Mwaka 2025 je? MAS ilipata asilimia 3 hivi ya kura za urais. Waaymara na Waquechua wako palepale, ila chama kilipasuka kati ya Evo na Luis Arce, rais wa wakati huo, dola hazikuwepo, foleni za dizeli zilikuwa haziishi, na watu wa El Alto wakampa kura kwa wingi Rodrigo Paz, mgombea wa chama kingine.

"Wanataka kujitenga na nchi"

Katiba ya Bolivia ya 2009 inasema taifa lenye mataifa mengi ndani yake, inatambua lugha 36 za asili pamoja na Kihispania, na bungeni jamii ndogo wana viti 7 vilivyotengwa kati ya 130. Basi. Mwaka 2008 waliopiga kura yao wenyewe ya kudai mamlaka dhidi ya serikali kuu walikuwa watu wa mkoa wa Santa Cruz, wakiongozwa na matajiri wa mashamba makubwa.

"Ni wachache, hawana nguvu"

Ecuador sensa ya 2022 iliwakuta wenyeji asilia ni asilimia 7.7 tu, lakini shirikisho lao CONAIE liliisimamisha nchi 1990, likashiriki kumwondoa rais Mahuad 2000, na 2019 maandamano yakamfanya rais Lenín Moreno ahamishe serikali kwenda Guayaquil kwa muda, alafu akafuta amri yake ya kuondoa ruzuku ya mafuta. Nguvu hiyo inatoka kwenye jamii za vijijini, mkutano ukikubaliana barabara inafungwa na kila kaya inatoa watu. Kwenye sanduku la kura ni habari nyingine, mgombea urais wao Luis Macas 2006 alipata kama asilimia 2, mwingine, Yaku Pérez, 2021 akapata 19, na hizo 19 haziwezi kuwa za wenyeji asilia peke yao, hesabu haikubali.

"Wanapinga maendeleo"

Hii nayo inaniudhi. Kura ya 2023 kuhusu mafuta ya hifadhi ya msitu ya Yasuní ilikuwa ya Ecuador nzima na karibu asilimia 59 walisema mafuta yabaki ardhini, wakati mikoa ya Orellana na Sucumbíos, kwenye visima vyenyewe, wengi walitaka uchimbaji uendelee, na Wawaorani, wenyeji asilia wa msitu huo, wenyewe waligawanyika. Wanachodai karibu kila mahali ni kuulizwa kwanza, kama unavyosema Mkataba 169 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa 1989, ambao Ecuador iliuridhia 1998. Wawaorani wa mkoa wa Pastaza walishinda kesi 2019 kwa hoja hiyohiyo, kwamba serikali haikuwashirikisha inavyotakiwa kabla ya kutaka kuuza eneo lao kwa kampuni za mafuta.